Kibati cha Kitanda cha Kumi na Nne

Watu wa Kibokoni wakinisifu hunitia hasira. "Hawabai ana imani," wasema, "Hawabai hakukosa zamu hata siku moja kule hospitali ya wakfu." Imani gani! Mimi nilikuwa nikienda hospitali kwa sababu nyumbani kwangu hapakuwa na mtu, hata wa kugombana naye. Hilo hawalisemi. Na mengine niliyoyafanya kule hawayajui, ndiyo nataka kuyasema leo, wasije wakanisifia uongo nikiwa kaburini siwezi kuwajibu.

Marehemu mume wangu, Gaffar, alifariki mwaka ule vita vya Wazungu vilipoanza. Mwanangu mmoja tu, Haroon, alifuata biashara ya wakwe zake Kampala, na tangu hapo nikawa namjua kwa barua, moja Idi ndogo, moja Idi kubwa, zote zimejaa salamu za watu nisiowajua. Nikabaki na vyumba vitano vya ghorofani na mkono uliozoea kupikia watu sita. Nilikuwa nikipika kibaba cha mchele, nikila matonge matatu, kisha nikikaa mbele ya sinia nikiwasikiliza jirani zangu wakicheka upande wa pili wa ukuta. Siku nyingine nilishuka kununua ndimu nisizozihitaji, ili muuza ndimu aniulize nimeamkaje. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mimi niliijua ningali natembea.

Hospitali yenyewe haipo tena, msiitafute. Ilijengwa na tajiri mmoja wetu sisi Wahindi, Jamaldin, akaiweka wakfu kwa maskini wa kila kabila, njia ya kwendea Kizingo. Wodi ya wanaume, wodi ya wanawake, jiko, na Dakta mmoja Mzungu aliyekuwa akitembea kama anafukuzwa. Langoni palikuwa na ubao wa maandishi, Kiswahili cha herufi za Kizungu, Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na Kigujarati: wageni saa kumi hadi saa kumi na mbili, mgeni mmoja kwa kitanda kimoja, msije na mkaa, msilale chini ya vitanda. Hilo la mwisho liliandikwa baada ya mtu kufanya.

Chini ya maandishi palikuwa na misumari, na kila msumari umetundikwa kibati chenye nambari ya kitanda. Mgeni akija humpa bawabu jina la mgonjwa, hupewa kibati, huingia, huketi. Akitoka hukirudisha. Kibati kisipokuwapo msumarini, maana yake mgonjwa ana mtu wake ndani, na wa pili sharti angoje nje mpaka wa kwanza atoke. Sisi wanawake wa zamu hatukupewa vibati. Tulifunga kitambaa cheupe mkononi, tukagawa uji na chakula tulichopika majumbani. Kanuni yetu ilikuwa mimina, ombea dua, pita. Kukaa kitako ilikuwa haki ya mwenye kibati.

Mimi nilitaka kukaa. Basi.

Bawabu alikuwa Mung'aro, Mgiriama, mtu wa mzaha. Tulijuana kwa sababu mimi na marehemu tulikaa Kaloleni miaka kumi na miwili tukiuza kaniki na chumvi, na Kigiriama nakijua mpaka matusi yake. Kila nikipita alikuwa akinitania, "Hawabai, wewe Mhindi wa rangi tu, ndani ni Mgiriama." Nami nikimjibu, "Na wewe bawabu wa jina tu, mwizi angepita umelala." Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yangu marefu ya siku.

Mwaka ule vita vilipoisha, mwezi wa Ramadhani, aliletwa kitanda cha kumi na nne kuli mmoja wa bandarini Kilindini, jina lake Kitsao. Robota la pamba lilimwangukia mguu. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mrefu, miguu imepita ncha ya kitanda. Siku nne mfululizo nilimmiminia uji, na siku nne kibati chake kilikuwa msumarini. Siku ya tano nikamwambia Mung'aro, "Nipe hicho cha kumi na nne."

"Wewe ni nani wake?"

"Ni mtu wangu. Ana mwingine?"

Mung'aro akacheka akanipa. Tangu siku hiyo, akiniona natokea kwa mbali na mwavuli wangu, kibati kilikuwa tayari mkononi mwake.

Loo, raha niliyoipata! Niliketi kwenye kibao kando ya kitanda, kama mtu mwenye mgonjwa wake. Wanawake wenzangu walipita na masufuria, wakanitazama kwa pembe ya jicho, nami nikawapa mgongo. Kitsao asubuhi alikuwa na akili zake timamu, lakini jioni homa ilipanda, na saa za wageni zilimkuta macho mekundu, maneno yanamtoka ovyo. Hakunijua. Nilimpangusa uso, nikamlisha kijiko kwa kijiko, nikamweleza habari za mji kwa Kigiriama, kwamba samaki wameadimika na kwamba jirani yangu amepaka nyumba rangi mbaya.

Siku ya tatu ya kukaa kwangu akafumbua macho akaniambia, "Kanze."

Nikamwambia, "Mimi si Kanze, baba. Mimi ni Hawabai."

"Kanze," akasema tena, akanishika mkono.

Kesho yake akaita tena. Kanze, Kanze. Mimi nilikuwa sijaitwa na mtu kwa sauti ile, ya mtu anayekuhitaji, tangu Gaffar alipokata roho. Mtandio nimejifunika, mwanga wa wodi hafifu, Kigiriama kinanitoka vizuri. Akaita mara ya tatu, nami nikaitika, "Bee."

Uso wake ukatulia akalala. Na mimi, Mungu anisamehe, nikarudi nyumbani Kibokoni usiku ule nikala futari yangu yote.

Hiyo ikawa desturi. Jioni aliita Kanze, nami nikaitika. Asubuhi, kwa habari aliyonipa Priscah, homa ikishuka aliuliza kama mkewe amefika, na akiambiwa hajafika aliugeukia ukuta. Priscah alikuwa nesi, binti wa Kikristo wa Rabai, mpole, mwenye macho yanayoona kila kitu. Aliniona nikiitika. Siku moja alinisogezea kibao akasema, "Mama, huyo Kanze ni mkewe. Hospitali imempelekea habari kwa chifu wao." Nikamwambia, "Vyema." Sikuona vyema hata kidogo.

Juma la mwisho la Ramadhani mguu ukaharibika. Ulikuwa ukinuka hata mlangoni unausikia. Dakta akasema ukatwe juu ya goti, na Kitsao, asubuhi hiyo akiwa na akili zake, akakataa katakata. Wakamletea wino atie dole gumba kwenye karatasi, akafumba ngumi. Priscah alinihadithia maneno yake vile vile alivyoyasema: "Nilioa kwa miguu miwili. Sirudi kwa mke wangu na mmoja bila kumuuliza. Yeye ndiye atakayelima peke yake, yeye ndiye atakayechekwa kisimani. Aje aniambie kwa kinywa chake, ndipo mkate." Dakta alikasirika, akasema atangoja mpaka Jumatatu asubuhi. Baada ya Jumatatu, kukata au kutokukata, mtu atakuwa ni wa kuzika.

Idi ilisimama Jumamosi. Nilirauka usiku, nikapika biriani, nikapika tambi za sukari na zabibu, nikatandika mkeka mpya, nikapanga vikombe kumi. Vikombe kumi! Sijui nilimtazamia nani. Watoto wa mtaa walipita mlangoni mwangu wakakimbilia kwa mzee Taib wa nyumba ya tatu, maana kule kulikuwa na watoto wenzao. Sattar, mpwa wa marehemu, mwenye lori la kubebea mbata za nazi, alisimama chini barabarani na kanzu yake mpya akapaza sauti, "Idi Mubarak, bi mkubwa!" Kabla sijafika dirishani ameshakwenda zake. Ngazi kumi na nane tu zilimshinda. Nikakaa mpaka adhuhuri, biriani ikapoa, nami nikalia kama mtoto, kisha nikaona haya kulia siku ya Idi.

Saa tisa nikatia tambi kwenye chombo, nikatia na biriani, nikatoka. Mung'aro akanipa kibati na mkono wa Idi. Nikaenda kwa mtu wangu.

Kitsao alikuwa amelala, homa inampanda. Nikaketi. Hata nusu saa haijapita, Priscah akaja akainama sikioni pangu. "Mama, langoni pana mwanamke wa Kigiriama, ana kikapu. Ataka kibati cha kumi na nne."

Sitasema sikujua. Nilijua kabla hajamaliza. Hakuna mwanamke mwingine duniani aliyekuwa na haja ya kibati kile. Na mtu wa haki angesimama pale pale, angekwenda langoni, angesema, karibu mwanangu, ingia, mumeo anakungojea, kesho kutwa anakufa usipokuja. Mimi nikamwambia Priscah, "Mwambie angoje kidogo. Sijamlisha."

Nilitaka aamke mara moja tu anikute. Nilijiambia, huyu Kanze atakuwa naye kesho, na kesho kutwa, na maisha yake yote. Mimi nina leo. Idi nzima sikuitwa na mtu, na niitwe hapa, kisha nitatoka. Kitsao akaamka, akaita, nikaitika, nikamlisha tambi kijiko kimoja, akameza, akatabasamu. Nikampa cha pili. Priscah alisimama mwisho wa wodi akanitazama, nami nikajifanya simwoni. Kijiko cha tatu. Nikasema nitatoka sasa hivi. Nikampangusa midomo. Nikasema sasa hivi. Na kengele ya saa kumi na mbili ikalia ningali nimeketi.

Nilipofika langoni hapakuwa na mwanamke.

"Amekwenda," Mung'aro akasema. Siku hiyo hakuwa na mzaha. "Lori la Kaloleni laondoka Mwembe Tayari saa kumi na mbili. Alingoja pale ukutani mpaka dakika ya mwisho."

"Ulimwambia nini?"

"Aliniuliza kibati kiko wapi. Nikamwambia mumewe ana mwanamke wake ndani, huja kila siku na chakula, hakosi. Nilidhani atafurahi, Hawabai, kwamba mumewe anatunzwa.  Tena akaniuliza, kila siku? Nikamwambia kila siku, na nguo zake safi, na chakula kizuri." Mung'aro akajikuna kichwa. "Ndipo akasema, basi mwenye kibati ndiye mwenye mume. Mwambie watoto ni wazima, asiwe na haraka ya kurudi."

Ameniona mimi mke mwenziwe! Mimi, Hawabai, mwenye mvi na magoti yanayolia nikipanda ngazi. Amefika kutoka Kaloleni siku ya jua kali, ameliona pengo pale kwenye msumari, amelisoma kama watu wanavyosoma talaka. Ningeweza kucheka. 

Usiku ule sikulala. Jumapili alfajiri nilikwenda kubisha kwa Sattar, nikamwambia nataka lori lake linipeleke Kaloleni sasa hivi, mtu anakufa. Akanionyesha lori uani: limekalishwa juu ya mawe, magurudumu hayana mipira. "Bi mkubwa, vita vimekula mipira yote ya nchi hii. Naomba kibali cha kununua mingine tangu mwezi wa tano." Nikamtukana, kwa sababu alikuwa karibu. Nikaenda Mwembe Tayari, nikaambiwa lori la Kaloleni halina safari mpaka kesho adhuhuri. Kesho adhuhuri Dakta atakuwa ameshanawa mikono. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, nami sikuwa na wa kuniambia pole kwa vyovyote.

Saa kumi nikachukua kibati. Mung'aro alinipa bila kunitazama.

Kitsao alikuwa amekonda kwa siku moja, midomo imekauka. Priscah akanijia, na safari hii hakuninong'oneza. "Asubuhi amekataa tena. Amesema mkewe hajaja. Mama, wewe jioni akikuita huitika."

"Wataka nifanye nini?"

"Sitaki kitu. Nasema tu, jioni hii ndiyo ya mwisho."

Akaenda zake. Nikaketi. Muda mrefu hakusema lolote, nikafikiri ameshapita mahali pa kuita. Kisha akafumbua macho.

"Kanze."

"Bee."

"Umekuja?"

"Nimekuja."

"Nyevu umemwacha na nani?"

Nyevu alikuwa binti yao mdogo, alikuwa akimtaja katika homa. "Yuko kwa mamangu," nikasema, wala sikujua kama mama yake Kanze yu hai au amekufa. Kitsao hakuona kitu. Akanishika mkono kwa nguvu iliyomsalia.

"Wataka kunikata mguu. Nimewaambia wakungoje wewe." Akavuta pumzi. "Nikirudi na mmoja, utanifanyaje?"

Mimi niliwahi kusema uongo mwingi, mtu wa duka atakosaje? Lakini huu si uongo niliokuwa nikiutafuta. Nilitafuta maneno ambayo mke angeyasema, mke hasa, na nikayakuta kifuani kwangu mwenyewe, yamekaa pale tangu Gaffar alipolala kitandani miezi saba naye akiniuliza maswali kama hayo, nami nikimwambia nyamaza usijichoshe, kwa woga tu.

"Nitakupokea hivyo hivyo," nikamwambia. "Na mguu mmoja, na bila mguu. Nitalima mimi, wewe utakaa kivulini uwafukuze ndege. Atakayecheka kisimani nitammwagia maji. Waache wakate, Kitsao. Mimi nataka wewe, mguu si kitu."

Akalia. Machozi ya mwanamume mzima yakamtiririkia masikioni, nami nikayapangusa kwa mtandio. Akasema, "Haya." Akasema tena, "Haya, Kanze," akalala. Nikakaa mpaka kengele. Nilikuwa nalia na mimi, na sijui kusema vizuri kilio kile kilikuwa cha nini. Nilijua nimemwokoa mtu, na nilijua nimemwibia mtu, na vyote viwili nilivifanya kwa kinywa kimoja.

Jumatatu alfajiri, kwa maneno ya Priscah, Kitsao aliamka na akili zake, akamwambia Dakta, "Mke wangu alikuja jana. Amesema nikatwe." Akakunjua ngumi, akatia dole gumba kwenye wino. Wakambeba kwa machela. Alitoka mzima.

Homa ikamwacha moja kwa moja. Siku ya nne niliingia na chombo changu, akanitazama kwa macho meupe, safi, macho ambayo sikuwahi kuyaona, akaniamkia, "Shikamoo, mama. Wewe ndiye nani?"

"Marahaba. Mimi wa zamu," nikamwambia. "Naleta uji."

"Ahsante, mama wa uji."

Nikammiminia, nikamwombea dua, nikapita. Kibati sikukichukua tena. Kilikaa msumarini majuma matatu, na kila nilipopita kilinitazama. Hasara yangu ilikuwa ndogo, mtasema, kuli mmoja wa Kigiriama hanijui jina. Lakini nilikuwa nikipita kitanda cha kumi na nne nikimsikia akiwahadithia wagonjwa wenzake, kila siku, na kwa kila mgeni wa kitanda cha jirani: "Mke wangu alikuja Jumapili ile. Ana shamba, ana watoto, hawezi kuja kila mara. Lakini alikuja. Alisema atanipokea hivyo hivyo. Alisema atakayenicheka atammwagia maji!" Na wodi nzima ikicheka naye. Kwa maneno hayo alijifunza kusimama. Kwa maneno hayo alishika magongo akaanguka akasimama tena. Nami ndani yangu nikisema, Ee Mola, na Kanze mwenyewe je, ameshaziba mlango wake?

Siku ile ile aliyoniita mama wa uji nilikuwa nimemshika Priscah mkono. Nikamwambia andika barua, iende na mwalimu wa kanisa wa kwenu mpaka kwa huyo mwanamke. Akaandika nilivyomwambia: *Mwenye kibati ni mimi, bibi kizee. Si mke mwenzio. Njoo, nitakuwa langoni kila siku nikungoje.* Na nikawa langoni, kila siku saa tisa na nusu, nimeketi na Mung'aro kwenye benchi lake, tunatazama njia. Utani ulirudi kidogo kidogo.

Alikuja Alhamisi, juma la tatu. Sikuhitaji kuonyeshwa. Mwanamke mwembamba, kikapu kichwani, vumbi mpaka magotini, na anatembea kama mtu aliyekwisha kuamua kutotoa hata chozi moja. Akasimama mbele ya benchi akatutazama.

"Mwenye kibati ni nani?" akauliza kwa Kigiriama.

Nikasimama. "Mimi, mwanangu."

Akanitazama kutoka mtandio hadi viatu. Kisha akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Wewe? Majuma matatu silali, ni kwa ajili yako wewe?"

Nikamweleza pale pale ukutani, mahali alipongoja siku ya Idi. Sikuacha kitu. Nilimwambia nilivyoitika jina lake. Nilimwambia nilijua yuko langoni, na nikaendelea kulisha kijiko. Nilimwambia kuhusu Jumapili, neno kwa neno, niliyosema kwa kinywa chake. Mung'aro aliondoka akaenda kufagia mahali palipokwisha fagiwa.

Kanze alisikiliza, kikapu bado kichwani.  Nilitazamia matusi, na nilikuwa tayari kuyapokea, ningeyapokea kwa mikono miwili.

"Pale kitandani ulikuwa ukifanya nini siku zote?" akaniuliza.

"Nilikuwa nimekaa."

"Kukaa tu?"

"Kukaa tu."

"Kwani wewe huna kwako?"

Nilikitazama kibati pale msumarini.  Nadhani alikiona alichokuwa akikitafuta, kwa sababu alishusha macho, na sauti yake ilipotoka tena ilikuwa imechoka zaidi kuliko kukasirika.

"Umenikalisha juani saa nzima mume wangu akioza ndani," akasema. "Hilo sikusamehe leo. Labda siku nyingine." Akanyosha mkono. Nikakitoa kibati msumarini mwenyewe, nikampa. "Na hayo maneno," akasema. "Uliyamaliza yote? Hayo ya kisimani, na ya ndege?"

"Hayo tu."

"Yarudie."

Nikayarudia. Midomo yake ikawa inayafuata polepole, kama mtu anayejifunza sura ya Kurani au wimbo wa kanisani. Kisha akaingia. Nami nikafunga kitambaa changu cheupe, nikachukua sufuria, nikamfuata kwa mbali, kwa sababu zamu ilikuwa yangu na uji ulikuwa unapoa.

Kitsao alikuwa amesimama kwa magongo kando ya kitanda, suruali imepindwa pale pa goti. Alipomwona, gongo moja likamponyoka. Kanze akaliokota, akampa. Wodi yote ikageuka, maana watu wote walikuwa wameshamsikia huyu Kanze, na kila mmoja alitaka kumwona.

"Ndiyo hivi nilivyo," Kitsao akasema. Mtu mrefu yule, sauti imekuwa ya mtoto. "Umeona? Ulisema utanipokea hivyo hivyo. Ulisema, au niliota?"

Kanze akautazama mguu ambao haukuwapo. Akatazama mwisho wa wodi, akaniona nimesimama na kijiko cha uji mkononi.  Akamgeukia mumewe.

"Nilisema," akasema. "Nitalima mimi, wewe utakaa kivulini uwafukuze ndege. Na atakayecheka kisimani nitammwagia maji. Nilisema mimi."

Watu wakapiga makofi, wagonjwa kwa wageni wao. Mimi nikamimina uji wa kitanda cha kumi na mbili, nikamimina wa kumi na tatu, uji unanimwagikia vidoleni. Yalikuwa ndiyo maneno mazuri kuliko yote niliyopata kumwambia mtu katika maisha yangu, na tayari hayakuwa yangu. Nilipofika kitanda cha kumi na nne Kitsao alikuwa ameketi, amemshika mkewe mkono, uso unang'aa.

"Mama wa uji!" akaniita. "Njoo umwone. Huyu ndiye mke wangu niliyekuwa nikikwambia."

Nikaweka sufuria chini, nikajifuta mkono kwa mtandio, nikamnyoshea Kanze.

"Karibu, mwanangu," nikasema. "Nimezisikia sana habari zako."